Mafuriko Mawili, Modeli Moja: Uhakiki wa Masuluhisho ya Asili kati ya Kariakoo na Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna tafiti na mipango inayohusu Jiji la Dar es Salaam inavyotumia modeli za kompyuta kuonesha kwamba miti, ardhi oevu, mikoko na maeneo ya wazi yanaweza kupunguza hatari ya mafuriko. Masuluhisho ya aina hii, ambayo hapa yataitwa masuluhisho ya asili, yameenea kwa kasi katika lugha ya mipango miji, na mengi yanayodaiwa juu yake ni ya kweli. Ardhi iliyo wazi hunywa maji, mizizi hushika udongo, na bonde lililoachiwa nafasi hupokea mto uliofurika bila kuua mtu. Kwa hiyo, swali la makala haya si kama asili inasaidia. Swali ni wapi inasaidia, dhidi ya mafuriko yapi, na kwa gharama ya nani.

Hoja inayotetewa ni kwamba eneo linaloanzia mitaa ya Kariakoo na kushuka hadi Jangwani lina mafuriko ya aina mbili yenye vyanzo tofauti, lakini mjadala wa masuluhisho ya asili huyachukulia kama mafuriko ya aina moja. Kosa hilo la kiufundi lina matokeo ya kijamii. Ukijani hupangwa bondeni, ambako haki ya mkaaji juu ya ardhi ni dhaifu, ilhali juu ya mteremko, ambako ardhi imezibwa kwa zege karibu yote, mwenye kiwanja haulizwi chochote.

2.0 Eneo la Uhakiki na Usuli Wake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi ya Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Bonde lake lote lina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 271. Katika sehemu ya chini, mto hupita Kigogo, Mchikichini na Jangwani, mahali ambapo Barabara ya Morogoro hushuka kutoka upande wa Fire, huvuka bonde na kupanda tena kuelekea Magomeni. Kariakoo iko juu ya mteremko wa mashariki wa bonde hilo. Ukaribu huo umeandikwa hata katika majina. Mtaa mmoja mkubwa wa Kariakoo unaitwa Msimbazi, na watani wa jadi wa soka nchini, Simba na Yanga, hutajwa kila siku kwa majina ya Msimbazi na Jangwani. Hata hivyo, mkazi wa jiji anayeyatamka majina hayo ni nadra kukumbuka kwamba moja ni la mto na jingine ni la uwanda wake wa mafuriko.

Historia ya Kariakoo ina uzito katika hoja hii. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa na Waingereza mwaka 1916. Mitaa yake iliyonyooka na kukatana kwa pembe mraba ilikuwa imekwisha kupangwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na viwanja vyake vilijengwa nyumba za Kiswahili za chini, zenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Mnazi Mmoja uliachwa wazi kama ukanda wa kutenganisha mitaa ya Waafrika na ile ya Wahindi. Hivyo basi, eneo la wazi lililo maarufu zaidi katikati ya jiji halikuachwa kwa ajili ya maji wala hewa pekee. Liliachwa kwa ajili ya ubaguzi. Mtafiti anayelihesabu leo kama miundombinu ya kijani hana budi kulijua hilo, kwa sababu linathibitisha kwamba uwazi wa mjini una siasa tangu mwanzo wake.

Kuhusu mafuriko yenyewe, matukio mawili hurejelewa mara nyingi zaidi. La kwanza ni la Desemba 2011, ambapo mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa jijini tangu 1954 ilisababisha vifo vya watu zaidi ya 40 na kuifanya serikali iwahamishie waathirika wa bondeni Mabwepande. La pili ni la Aprili 2018. Utafiti wa Erman na wenzake, uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2019, ulikadiria kwamba hasara ya kaya katika tukio hilo ilizidi dola za Marekani milioni 100, sawa na asilimia 2 hadi 4 ya pato la jiji, na kwamba kaya zilizoathirika zilipoteza kwa wastani asilimia 23 ya kipato chao cha mwaka.

3.0 Mchango wa Modeli Zilizopo

Uhakiki wa haki hauna budi kuanza na yale yaliyofanikiwa. Mradi wa CLUVA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2010 hadi 2013 na kuihusisha Dar es Salaam pamoja na miji mingine minne ya Afrika, ulisaidia kuionesha mimea ya mjini kama sehemu ya mfumo wa kukabiliana na tabianchi, badala ya pambo. Ndani ya mkondo huohuo, De Risi na wenzake (2013) walichukua mtaa wa Suna, Kinondoni, na kukadiria hatari ya mafuriko kwa kiwango cha nyumba mojamoja katika makazi yasiyopangwa. Kabla ya kazi za namna hiyo, makazi hayo yalikuwa madoa tu kwenye ramani.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulikwenda hatua nyingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi, walichora majengo, njia na mitaro, na kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi. Umuhimu wa kazi hii unaeleweka mtu akikumbuka data iliyokuwapo kabla yake. Ramani za mwinuko wa ardhi zinazopatikana bure kutoka kwenye satelaiti huigawa dunia katika vipande vya takribani mita 30 kwa 30, na kosa lake la kimo huweza kufikia mita kadhaa. Mtaa wa Kariakoo ni mwembamba kuliko kipande kimoja cha namna hiyo. Katika ramani hizo, barabara, fremu za maduka na ghorofa zilizo pembeni huwa kitu kimoja chenye kimo kimoja, na mtaro haupo kabisa.

Juu ya msingi huu ulijengwa Mpango wa Fursa za Msimbazi, uliotolewa mwaka 2019 baada ya mfululizo wa vikao vya wadau vilivyofanyika 2018, chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI kwa kushirikiana na Benki ya Dunia. Mpango huo uliacha mtazamo wa zamani wa kuubana mto ndani ya mfereji. Badala yake, unapendekeza kuupa mto nafasi, kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji, kurejesha uoto na kudhibiti mmomonyoko sehemu za juu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kutekeleza sehemu ya fikra hizo. Kwa mizani yoyote, huu ni mpango bora kuliko ukuta wa zege.

4.0 Mafuriko ya Mto na Mafuriko ya Mtaa

Udhaifu unaanza pale mafanikio hayo yanapofanywa jibu la kila aina ya mafuriko. Mafuriko ya Jangwani ni mafuriko ya mto. Yanatokana na maji yaliyokusanywa kutoka Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Kinyerezi na Ubungo, na yanaweza kufika Jangwani hata kama mvua ya hapo Jangwani ilikuwa ndogo. Mafuriko ya Kariakoo ni mafuriko ya mtaa. Yanatokana na mvua iliyonyesha hapohapo juu ya mabati, zege na lami, ikakosa pa kupenya, ikakuta mtaro umejaa taka na mchanga, ikaingia dukani. Ya kwanza hupimwa kwa mita na huua watu. Ya pili hupimwa kwa sentimeta na mara nyingi hayaandikwi popote, lakini sentimeta 20 za maji machafu zinatosha kuharibu marobota ya vitenge yaliyopangwa sakafuni. Utafiti wa 2019 uliokwishatajwa ulibaini kwamba asilimia 77 ya hasara yote ya kaya ilikuwa hasara ya mali. Ingawa takwimu hiyo ni ya kaya na si ya maduka, inatosha kuonesha kwamba kina cha maji peke yake si kipimo cha maumivu.

Tofauti hii inaweza kuthibitishwa kwa hesabu rahisi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya bonde lote la kilometa za mraba 271 huleta maji takribani mita za ujazo milioni 13.5. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya kilometa moja ya mraba ya katikati ya jiji huleta mita za ujazo 50,000, yaani chini ya asilimia 0.4 ya maji ya bonde. Hata kama kila tone la Kariakoo lingezuiliwa, Jangwani ingefurika vilevile. Na kinyume chake ni kweli: bustani ya Jangwani, hata ikifanikiwa kwa asilimia mia, iko chini ya mteremko, na haiwezi kumwondolea maji mfanyabiashara aliye juu yake.

Kwa hiyo, tasnifu au ripoti inayotangaza kwamba ukijani unapunguza mafuriko ya katikati ya jiji kwa asilimia fulani, bila kutaja ni mafuriko yapi, haijasema kitu kinachoweza kukubaliwa wala kukataliwa. Zana zenyewe zinajua tofauti hii. Programu ya HEC-RAS iliundwa kwa ajili ya mito, na programu ya SWMM kwa ajili ya maji ya mvua mijini. Mtafiti anayechagua moja amekwisha kuchagua mafuriko yake, hata asipolitamka hilo katika sura yake ya mbinu.

5.0 Hesabu ya Kariakoo: Ua, Tangi na Paa

Je, masuluhisho ya asili yanaweza kufanya nini juu ya mteremko? Hektari moja ya mtaa uliozibwa hupokea mita za ujazo 500 katika mvua ya milimita 50, sawa na lita 500,000. Kuyahifadhi maji hayo yote kunahitaji matangi 100 ya lita 5,000, yale ambayo mjini huitwa simtanki. Miti michache kandokando ya barabara haitakaribia kiasi hicho. Modeli inayopaka mistari ya kijani katika kila mtaa na kuonesha ramani imebadilika rangi inapaswa kuulizwa kila mstari unashika lita ngapi, na kwa muda gani.

Hapa historia ya nyumba ya Kiswahili inafaa kurejewa. Ua wa mita za mraba 100 hupokea lita 5,000 katika mvua hiyohiyo. Si zote zinazopenya, kwani udongo uliokanyagwa hunywa polepole, lakini hazikimbilii barabarani kwa dakika moja. Kwa maneno mengine, kila ua wa namna hiyo ulifanya kazi ya simtanki moja bila kununuliwa. Nyumba hizo zilipobomolewa, hasa kuanzia miaka ya 1990, na ghorofa kujengwa hadi ukingo wa kiwanja, Kariakoo ilipoteza mfumo wake wa kupokea mvua. Hakuna mhandisi aliyeuandika mfumo huo katika vitabu vyake, kwa sababu haukuwa na jina lolote zaidi ya ua. Tafiti nyingi zinazoleta Kariakoo dhana ya masuluhisho ya asili huileta kama kitu kigeni na kipya. Hazioni kwamba mji wenyewe ulikuwa na suluhisho lake, na kwamba lilitoweka kupitia vibali vya ujenzi vilivyoruhusu kiwanja kizima kufunikwa.

Jengo la soko nalo lina la kufundisha. Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua Julai 2021, lina paa la zege la miavuli iliyogeuzwa juu chini, umbo ambalo hukusanya mvua na kuielekeza katikati. Ni dalili kwamba wasanifu wa kizazi hicho waliiona mvua kama jambo la kupangiwa mahali ndani ya jengo, wala si taka ya kusukumiwa barabarani.

Hata hivyo, matangi na mashimo ya kupenyeza maji yana masharti ambayo modeli huyaruka. Tangi hupunguza mafuriko pale tu linapokuwa tupu mvua inapoanza. Katika jiji lenye mgao wa maji, mwenye nyumba mwenye busara hulijaza tangi lake na kulilinda lisipungue. Ukadiriaji unaochukulia kwamba matangi yote ni matupu unahesabu nafasi ambayo haipo. Vilevile, baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu wengi, pendekezo lolote la kupenyeza maji ardhini kando ya misingi ya majengo yanayobanana haliwezi kupita bila uchunguzi wa udongo na wa misingi yenyewe. Hayo hayabatilishi masuluhisho ya asili. Yanayatoa katika hadhi ya imani na kuyaweka mahali yanapoweza kupimwa.

6.0 Tope, Bamvua na Matunzo

Tukirudi bondeni, udhaifu mwingine unahusu tope. Modeli nyingi za mafuriko huuchukulia mkondo wa mto kuwa na umbo lisilobadilika. Msimbazi haina tabia hiyo. Mchanga unaoshuka kutoka maeneo ya juu hujaa chini ya daraja la Jangwani, na kila unapojaa, mvua ndogo zaidi inatosha kufurisha barabara. Huduma ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza 2016, imesimamishwa mara kadhaa kwa sababu hiyo, na karakana yake ya Jangwani yenyewe iliingiwa na maji. Modeli yenye mkondo safi hutoa picha ya siku moja tu, siku ya kwanza baada ya mtambo kumaliza kuchimba.

Bahari nayo ina sehemu yake. Dar es Salaam hupata bamvua yenye tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa ya bamvua, mdomo wa mto karibu na Selander huelemewa. Mvua hiyohiyo ikinyesha wakati wa maji mafu hupata njia. Wavuvi wa pwani hii hawajawahi kuhitaji kompyuta kulijua hilo, na tasnifu isiyosema ilichukua kiwango gani cha bahari imeacha nje nusu ya mlango.

Masuala haya mawili yanaonesha kwamba neno asili linaweza kuficha. Bustani ya bondeni itachimbwa kwa mitambo, udongo wake utatumika kuinua matuta, na mkondo utahitaji kusafishwa mwaka hadi mwaka. Ni kazi ya kihandisi yenye majani juu yake. Ikiitwa asili, msomaji wa bajeti huweza kudhani itajitunza. Ipo haja ya kila ramani ya manufaa kuambatana na ramani ya pili, inayoonesha hali itakavyokuwa iwapo matunzo yatakoma kwa miaka mitano. Umbali kati ya ramani hizo mbili ndio thamani halisi ya mfagizi wa mtaro na ya mtambo wa kuchimba mchanga, watendaji ambao modeli zetu hazijawapa hata alama moja.

7.0 Ardhi ya Nani?

Suala la mwisho ndilo zito zaidi. Kila suluhisho la asili linahitaji ardhi, na modeli huionesha ardhi hiyo kama rangi. Bondeni, rangi ya kijani inaangukia juu ya nyumba za watu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kwa msingi huo ubomoaji ulianza Desemba 2015, kuta zikiwekewa alama nyekundu ya X. Waliobomolewa walikuwa na nyumba, wapangaji na majirani, na wengi hawakuwa na hati.

Makala haya hayatetei kuwaacha watu waishi mahali panapoua. Bonde la Msimbazi ni la mto, na kumwambia mkaaji vinginevyo ni kumdanganya. Kinachohojiwa ni upande mmoja wa mizani. Mkaaji wa bondeni ametakiwa kutoa asilimia mia ya ardhi yake kwa ajili ya mafuriko ambayo, kama hesabu ilivyoonesha, yametengenezwa na bonde zima. Mwenye kiwanja Kariakoo, aliyefunika ua wote kwa zege na kuyasukuma maji yake kwa jirani, hajatakiwa kutoa hata asilimia kumi. Tofauti kati yao haitokani na haidrolojia. Inatokana na hati, na bei ya mita ya mraba. Modeli inapochagua mahali pa kupanda miti kwa kigezo cha gharama ndogo ya ardhi, huwa imekwisha kuamua nani atahama kabla ya tone la kwanza kuhesabiwa. Utafiti wa 2019 ulionesha kwamba kaya zilizoathirika moja kwa moja zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na umiliki usio salama na wa kuongozwa na wanawake. Kigezo cha ardhi rahisi kinawapata haohao mara ya pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba nguvu ya masuluhisho ya asili katika eneo la Kariakoo na Msimbazi haiwezi kutathminiwa hadi mambo manne yawekwe wazi. Kwanza, mtafiti aseme anamodeli mafuriko ya mto au ya mtaa, na asihamishe matokeo ya moja kwenda kwa jingine. Pili, kila eneo la kijani litajwe kwa lita linazoshika, likiwemo tangi lililojaa na udongo uliokanyagwa. Tatu, tope, bamvua na kukoma kwa matunzo viingie katika hesabu yenyewe, visisubiri aya ya mapungufu ya utafiti. Nne, gharama ya ardhi ioneshwe pamoja na mwenye kuibeba, juu na chini ya mteremko.

Pendekezo mahususi kwa watafiti wajao ni kuchukua mitaa michache ya Kariakoo, kupima eneo la ua lililobaki na lile lililofunikwa, na kuiuliza modeli swali ambalo bado halijapewa nafasi: mtaa ungepata nafuu gani iwapo kila kibali kipya cha ghorofa kingedai nafasi ya kupokea mvua sawa na ua uliozibwa? Jibu linaweza kuwa dogo. Hata likiwa dogo, litakuwa jibu la mafuriko ya mtaa, lililodaiwa kwa yule aliyeuziba ua, na kwa mara ya kwanza mzigo wa maji ya jiji hili utakuwa umehesabiwa kuanzia juu ya mteremko.